Wazazi wasio na wa kuwakanda: Akina mama wa Kiyahudi na watoto wao baada ya vita

Mwaka jana dada yangu alijifungua mtoto wake wa kwanza. Siku ya tatu mama alishuka stendi akiwa na begi la nguo, kuku wawili wa kienyeji, unga wa uji na pilipili manga aliyoifunga kwenye pindo la kanga. Kuanzia hapo nyumba haikuwa tena ya dada wala ya shemeji. Ilikuwa ya mama.

Mzazi alikandwa, akanyweshwa uji, akaamriwa kulala. Mimi ninayeandika habari za afya nilijaribu kumweleza mama kwamba maji ya moto kupita kiasi yanaweza kumuunguza mzazi. Alinisikiliza, akapoza kidogo, kisha akanituma sokoni.

Usiku mmoja mtoto alilia mpaka saa nane. Dada naye akaanza kulia. Mama aliamka, akamchukua mjukuu, akamlaza kifudifudi juu ya mkono wake, akamwambia dada: “Nyamaza mwanangu. Hata wewe ulikuwa hivihivi.”

Dada alinyamaza. Mtoto alichukua dakika kumi zaidi.

Nilikumbuka maneno hayo wiki chache baadaye, nilipokuwa nikisoma historia ya tiba ya watoto waliodhoofika kwa njaa. Nilikutana na habari za wanawake wa Kiyahudi waliojifungua Ujerumani kuanzia mwaka 1946, ndani ya kambi za wakimbizi. Walikuwa maelfu. Wengi wao hawakuwa na mama, shangazi, dada wala bibi. Wote waliowajua wakiwa wachanga walikuwa wameuawa. Hakukuwa na mtu hata mmoja duniani wa kuwaambia, “Hata wewe ulikuwa hivihivi.”

Nani aliwakanda wazazi hawa? Nani aliwafundisha kushika mtoto? Majibu yake yana mengi ya kutufaa sisi wazazi wa leo, pamoja na makosa yaliyofanywa na watu wenye nia njema.

Kwa nini mama na mtoto walibaki wachache

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipokwisha Ulaya, Mei 1945, utawala wa Wanazi wa Ujerumani na washirika wake ulikuwa umeua Wayahudi takriban milioni sita. Kati yao, watoto walikaribia milioni 1.5.

Mama mwenye mtoto mdogo alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufa. Katika kambi ya Auschwitz, ndani ya Polandi iliyokaliwa na Wajerumani, treni ilipofika watu walipangwa foleni na kuchaguliwa. Mwenye nguvu aliweza kupelekwa kazini. Mzee, mgonjwa, mjamzito na mama aliyeongozana na mtoto walipelekwa kwenye vyumba vya gesi. Mwanamke kijana mwenye afya njema, kama alikuwa amemshika mtoto mkono, alikufa pamoja naye.

Ndiyo maana waliobaki hai kambini walikuwa hasa vijana na watu wazima wasio na wazazi, na mara nyingi wasio na watoto. Watoto wadogo waliopona wengi walikuwa wamefichwa kwenye nyumba za Wakristo, kwenye nyumba za watawa au vijijini, au walikuwa wamekimbilia Umoja wa Kisovieti na wazazi wao.

Wapo waliopona kinyume cha matarajio yote. Katika kambi ya Kaufering, tawi la kambi ya Dachau, wanawake saba wa Kiyahudi kutoka Hungaria walijifungua katika miezi ya mwisho ya vita, wakisaidiwa na daktari mfungwa mwenzao. Wanajeshi wa Marekani walipofika mwishoni mwa Aprili 1945, watoto wote saba walikuwa hai, na mama zao pia. Habari hiyo inasimuliwa hadi leo kwa sababu mambo kama hayo yalikuwa adimu mno.

Chakula kilichoua

Tarehe 15 Aprili 1945 jeshi la Uingereza liliingia kambi ya Bergen-Belsen, kaskazini mwa Ujerumani. Lilikuta watu kama 60,000, wengi wakiwa mahututi, na maelfu ya maiti hazijazikwa. Njaa ilikuwa imeungana na homa ya taifasi, inayoenezwa na chawa.

Askari walifanya ambalo mimi na wewe tungefanya. Walitoa chakula walichokuwa nacho, yaani makopo ya nyama na vyakula vizito vya jeshi. Watu wenye njaa walikula. Kisha wengi wakaanza kuharisha, kuvimba na kufa.

Zaidi ya watu 13,000 walifariki Bergen-Belsen baada ya kukombolewa. Wengi wao ugonjwa ulikuwa umeshawazidi na hakuna ambacho kingewaokoa. Lakini wengine walimalizwa na chakula kilichokuja kingi na kizito kuliko mwili ulivyoweza kupokea.

Wahudumu wa afya wanaolaza watoto wenye utapiamlo mkali wanalijua jambo hili. Mwili ulioshinda njaa kwa muda mrefu huzima shughuli zake nyingi. Ukiujaza chakula ghafla, chumvichumvi muhimu za damu hushuka kwa kasi, na moyo unaweza kushindwa kazi. Kwa sababu hiyo, mtoto anayelazwa leo kwa utapiamlo mkali haanzi na chakula cha kunenepesha. Huanza na maziwa maalumu yaitwayo F-75, kidogo kidogo, kila baada ya saa chache, mchana na usiku. Hali ikitulia ndipo hupewa F-100 au chakula dawa, ile siagi ya karanga iliyoongezwa virutubisho.

Mwaka 1945 madaktari pale Bergen-Belsen walikuwa bado wanatafuta njia. Walijaribu mchanganyiko wa maziwa ya unga, sukari na unga uliowahi kutumika kwenye njaa ya Bengal, nchini India. Wagonjwa wengi waliukataa kwa sababu ya utamu wake. Walijaribu kuwalisha kwa sindano na mipira. Baadhi ya wagonjwa walipiga kelele kwa hofu, kwani kule walikotoka sindano ilikuwa kifaa cha kuulia. Kilichowafaa wengi mwishowe kilikuwa chakula chepesi kwa kiasi kidogo, na mtu wa kuwalisha kwa subira.

Elimu kuhusu njaa ilikuwepo, ila ilikuwa imefichwa. Mwaka 1942, ndani ya geto la Warsaw, madaktari wa Kiyahudi walioshinda njaa wao wenyewe waliamua kuichunguza njaa hiyo kitaalamu. Walipima wagonjwa wao, wakiwemo watoto, wakaandika mabadiliko ya damu, moyo, macho na ngozi. Kazi yao ilikatizwa Julai mwaka huo watu walipoanza kupelekwa kuuawa. Maandishi yalitoroshwa nje ya geto na kuhifadhiwa. Yalichapishwa mwaka 1946 kwa msaada wa Joint, shirika la misaada la Wayahudi wa Marekani lililoanzishwa mwaka 1914. Wengi wa madaktari walioyaandika hawakuishi kukiona kitabu chao.

Daktari aliyepoteza mtoto, akatunza 149

Msaada haukuja kutoka nje peke yake. Sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na waathirika wenyewe.

Ada Bimko alikuwa daktari wa meno kutoka Polandi. Agosti 1943, siku alipofika Auschwitz, wazazi wake, mume wake na mtoto wao wa kiume wa miaka mitano waliuawa. Yeye aliwekwa kufanya kazi kwenye wodi ya wafungwa. Mwishoni mwa 1944 alihamishiwa Bergen-Belsen. Huko yeye na wanawake wenzake walikusanya watoto waliokuwa wamebaki peke yao wakaanza kuwatunza katika jengo moja la kambi. Walitafuta chakula, dawa na nguo kwa kila njia waliyoweza. Watoto 149 wa Kiyahudi walivuka majira ya baridi wakiwa hai mikononi mwao.

Waingereza walipofika, Brigedia Glyn Hughes, mkuu wao wa tiba, alimkabidhi Bimko jukumu la kupanga kikosi cha madaktari na wauguzi kutoka miongoni mwa wafungwa. Alipata madaktari 28 na wauguzi zaidi ya 600, wengi wao wasio na mafunzo na wengine wakiwa dhaifu wenyewe. Hao ndio waliojua lugha za wagonjwa. Walijua pia kwa nini mtu anaogopa sindano.

Bimko aliolewa tena, na Josef Rosensaft, mwenyekiti wa kamati ya Wayahudi wa kambi hiyo. Mwaka 1948, hapo hapo Bergen-Belsen, alijifungua mtoto wa kiume.

Huru, lakini nyuma ya waya

Katika miaka iliyofuata, Wayahudi takriban 250,000 waliishi kama wakimbizi nchini Ujerumani, Austria na Italia. Kurudi kwao haikuwa rahisi. Nyumba zilikuwa na watu wengine, na chuki haikuisha siku vita ilipoisha. Julai 1946, katika mji wa Kielce nchini Polandi, Wayahudi 42 waliokuwa wamepona vita waliuawa na umati. Maelfu ya familia zilizokuwa zimerudi kutoka Umoja wa Kisovieti zikakimbia tena, safari hii zikiwa na watoto mgongoni, kuelekea kambi za Ujerumani.

Kambi hizo ziliendeshwa na majeshi pamoja na UNRRA, shirika la misaada lililoundwa na nchi 44 mwaka 1943. Mwanzo ulikuwa mbaya. Wayahudi walichanganywa na wakimbizi wengine, wakiwemo watu waliowahi kushirikiana na Wanazi. Kambi nyingi zilizungushiwa waya wa miiba na kulindwa na askari.

Rais Harry Truman wa Marekani alimtuma Earl Harrison, mkuu wa kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Pennsylvania, akaone. Ripoti yake ya Agosti 1945 ilikuwa kali. Alikuta watu bado wamevaa nguo za kambi za mateso, na wengine wamelazimika kuvaa sare za Wajerumani waliowatesa, kwa sababu hapakuwa na nguo nyingine.

Baada ya ripoti hiyo Wayahudi walitengewa kambi zao katika eneo la Wamarekani, mgao wa chakula ukaongezwa, na mashirika kama Joint yakapewa nafasi kubwa zaidi ya kufanya kazi. Kilichobadilisha hali ni mtu mmoja kutembea kambini, kuuliza wanaosaidiwa wanaishije na kuandika alichokiona.

Kizazi cha vigari

Halafu watoto wakaanza kuzaliwa.

Wanawake wengi walikuwa wametoka kambini hedhi ikiwa imekatika kwa sababu ya njaa. Waliogopa kwamba hawatazaa tena. Walipopata chakula miili ilirejea. Ndoa zilifungwa mfululizo, mara nyingi kati ya watu waliofahamiana wiki chache tu na wote hawana ndugu. Katika eneo la Bergen-Belsen gauni moja la harusi lililoshonwa kwa kitambaa cha parashuti lilivaliwa na bibi harusi mmoja, kisha mwingine, kisha mwingine.

Kufikia 1946 na 1947, Wayahudi wa kambi hizo walikuwa na kiwango cha uzazi miongoni mwa vya juu kabisa duniani. Katika kambi ya wakimbizi ya Bergen-Belsen peke yake, watoto zaidi ya 2,000 walizaliwa kabla haijafungwa mwaka 1950. Katika hospitali iliyofunguliwa kwenye monasteri ya St. Ottilien, kusini mwa Ujerumani, walizaliwa zaidi ya 400. Picha za wakati huo zinaonyesha akina mama wamejipanga na vigari vya watoto kana kwamba ni gwaride.

Wengi walipewa majina ya marehemu. Kwa Wayahudi wa Ulaya Mashariki mtoto hurithishwa jina la ndugu aliyefariki. Nasi tunajua uzito wa jina la bibi au babu. Fikiria basi mama mwenye mtoto mmoja na marehemu ishirini wa kuwakumbuka.

Hapo ndipo lilipojitokeza tatizo ambalo magunia ya unga hayawezi kulitatua. Mama hawa walikuwa hawajui kulea. Waliingizwa kwenye mageto na kambi wakiwa wasichana wa miaka 14 au 16, umri ambao binti hujifunza mambo hayo kwa kumtazama mama yake. Wao walijifunza kujificha, kufanya kazi kwenye viwanda vya silaha na kugawa kipande cha mkate kwa siku nzima. Sasa mtoto akikohoa, waliogopa anakufa. Akikataa kula, waliogopa zaidi.

UNRRA na Joint walileta maziwa ya unga, nguo za watoto, sabuni, madaktari na wauguzi. Wajawazito na wanaonyonyesha waliongezewa mgao. Kliniki zilifunguliwa, watoto wakapimwa uzito na mama wakafundishwa kuogesha na kulisha. Wauguzi na wakunga hawakutosha, hivyo Wajerumani wengi waliajiriwa. Mama aliyepoteza familia yake yote mikononi mwa Wajerumani alijikuta akijifungua mbele ya mkunga wa Kijerumani. Wapo waliozoea, na wapo waliokaa macho usiku kucha wakimlinda mtoto.

Wengine walijifungua wakiwa wamefungiwa tena. Uingereza, iliyokuwa ikitawala Palestina, iliweka ukomo wa Wayahudi wanaoruhusiwa kuingia huko. Waliokamatwa baharini walipelekwa kwenye kambi za kisiwa cha Cyprus. Kati ya 1946 na 1949 Wayahudi zaidi ya 50,000 walipitia kambi hizo, na watoto zaidi ya 2,000 walizaliwa humo.

Mkate chini ya mto

Watoto waliopona bila wazazi walihitaji msaada wa namna nyingine.

Kwenye monasteri ya Indersdorf, karibu na Dachau, UNRRA ilifungua kituo cha watoto Julai 1945. Miongoni mwa waliokiendesha alikuwa Greta Fischer, Myahudi kutoka Czechoslovakia aliyekimbilia Uingereza na kufanya kazi kwenye vituo vya malezi vya Anna Freud. Oktoba mwaka huo kila mtoto alipigwa picha ameshika kibao chenye jina lake, ili picha isambazwe na huenda ndugu akamtambua. Ukizitazama picha hizo unaona watoto waliovaa vizuri, waliochanwa nywele, wengine wanatabasamu. Wengi hawakuwa na mtu wa kuwatambua.

Tarehe 14 Agosti 1945, ndege za kijeshi ziliwabeba watoto 300 kutoka Prague hadi kaskazini mwa Uingereza, wakapelekwa kwenye makazi karibu na ziwa Windermere. Serikali ya Uingereza ilikuwa imeruhusu waingizwe watoto 1,000. Mashirika ya Kiyahudi yaliyoshughulikia safari hizo yaliwapata 732 tu.

Siku za kwanza vikapu vya mkate viliwekwa mezani na kwa dakika moja vikawa vitupu. Watoto walikuwa wameuficha mkate kwenye nguo na chini ya mito ya kulalia. Walezi hawakuwapiga wala kuwaita wezi. Waliendelea kuleta mkate. Kadiri siku zilivyopita watoto waliona kwamba kesho mkate utakuwepo, na kuficha kukapungua.

Ufaransa nako shirika la afya ya watoto la Kiyahudi, OSE, lilipokea vijana 426 kutoka kambi ya Buchenwald mwezi Juni 1945. Miongoni mwao alikuwamo Elie Wiesel, ambaye miaka mingi baadaye alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel. Walipewa jibini ya Kifaransa yenye harufu kali, nao wakaitupa. Waliamini wanawekewa sumu. Kwa mwenyeji ilikuwa zawadi nzuri, kwa mtoto wa kambi ilikuwa mtego.

Habari iliyonikaa zaidi moyoni ni ya watoto sita wa miaka mitatu hivi. Walikuwa yatima tangu uchanga na walikulia kwenye wodi ya watoto wasio na mama katika kambi ya Theresienstadt. Oktoba 1945 walipelekwa kwenye nyumba ndogo kusini mwa Uingereza, chini ya uangalizi wa Anna Freud, na wakalelewa na ndugu wawili, Sophie na Gertrud Dann.

Watoto hawa waliwapiga na kuwauma watu wazima, wakavunja vitu vya kuchezea. Lakini hawakukubali kutenganishwa hata kwa dakika chache. Mmoja akibaki nyuma matembezini, wote walisimama kumngoja. Mezani kumpa mwenzake chakula kulikuja kabla ya kula mwenyewe. Hawakuwa na mama wa kumkumbuka, kwa hiyo wenzao ndio waliokuwa familia.

Akina Dann hawakuvunja umoja huo ili wapendwe wao. Waliwalea wote sita pamoja. Polepole watoto wakaanza kuwashika mikono walezi wao, na baada ya mwaka mmoja walikuwa wanazungumza Kiingereza na kucheza kama watoto wengine, ingawa hofu zilibaki.

Anaporudi mama, mtoto hamjui

Wapo pia watoto waliofichwa na kulelewa na familia nyingine kwa miaka miwili au mitatu. Mama aliyenusurika alirudi akiwa amekonda na kunyolewa nywele, akazungumza lugha ambayo mtoto ameisahau. Mtoto akakimbilia nyuma ya sketi ya mwanamke mwingine, aliyemwita mama. Wote wawili walikuwa mama kweli, na mmoja alihatarisha maisha yake kumficha mtoto huyo.

Baadhi ya kesi zilifika mahakamani. Inayojulikana zaidi ni ya ndugu wawili wa familia ya Finaly nchini Ufaransa, ambao wazazi wao waliuawa baada ya kupelekwa Auschwitz. Shangazi zao walianza kuwaomba mwaka 1945. Mlezi alikataa, akawabatiza, na watoto wakafichwa. Walikabidhiwa kwa ndugu zao mwaka 1953, baada ya miaka minane.

Kilichotufikia sisi

UNRRA ilipokuwa ikifunga kazi zake, swali lilikuwa nani ataendelea kuwalisha watoto wa Ulaya. Daktari Ludwik Rajchman, mtaalamu wa bakteria kutoka Polandi aliyezaliwa katika familia ya asili ya Kiyahudi, alipigania fedha zilizobaki zitengwe kwa ajili ya watoto. Tarehe 11 Desemba 1946 Umoja wa Mataifa ulianzisha UNICEF, naye akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Shirika lilipangwa liwe la muda, likigawa maziwa na nguo. Liliwasaidia watoto wa pande zote za vita, hata wa Ujerumani.

Kuanzia 1948 lilishiriki kampeni kubwa ya chanjo ya kifua kikuu barani Ulaya, na mwaka 1953 likafanywa la kudumu. Kovu dogo la BCG kwenye mkono wa mwanao ni la chanjo ileile. Maziwa ya tiba na chakula dawa vinavyotumika kwenye wodi zetu na katika kambi kama Nyarugusu, Kigoma, na Kakuma, Kenya, mara nyingi hufika kupitia shirika hilo.

Kambi ya mwisho ya wakimbizi wa Kiyahudi nchini Ujerumani, Föhrenwald, ilifungwa mwaka 1957. Miaka kumi na miwili ilikuwa imepita tangu vita iishe. Wengi walikuwa wamehamia Israel, na wengine Marekani na kwingineko.

Ya kuondoka nayo nyumbani

Mtoto aliyekonda sana, au aliyevimba miguu yote miwili, au anayekataa kula, asijazwe chakula nyumbani kwa huruma. Apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Pale Bergen-Belsen huruma bila utaalamu iligharimu maisha.

Mtoto aliyekuja kuishi kwako baada ya njaa au msiba akificha chakula, usimwite mwizi. Mwonyeshe kabati, mwambie kesho kipo, na kesho kiwepo kweli.

Ndugu waliofiwa na wazazi wasigawanywe ovyo kwenye kikao cha ukoo, huyu kwa baba mdogo, yule kwa shangazi, kila mmoja mkoa wake. Ikiwezekana wakae pamoja. Isipowezekana, waonane mara kwa mara. Wale watoto sita walikuwa wadogo kuliko wengi wa yatima wetu, na walijua wanachokihitaji.

Na mzazi asiye na mama anahitaji mtu. Kama analia kila siku, halali hata mtoto akilala, au anasema hamtaki mtoto, hiyo inaweza kuwa sonona baada ya kujifungua, na inatibika. Mpeleke kliniki, lakini kwanza ingia kwake.

Siku ya arobaini mama yangu alifunga begi lake. Kabla ya kuondoka alichukua ndoo ya maji ya moto akavuka ua kwenda kwa jirani wa dada, binti wa miaka 20 hivi aliyejifungua wiki hiyo. Mama yake alifariki zamani. Nilimfuata na taulo.

Alimkanda, akamwogesha mtoto, akamlaza juu ya mkono wake vilevile. Mtoto alilia, na binti akaanza kuomba radhi kwa kelele. Mama hakuweza kumwambia “hata wewe ulikuwa hivihivi”, maana hakumjua akiwa mchanga. Akasema, “Hata wa kwangu walikuwa hivihivi. Muulize huyu.”

Binti akanitazama, akacheka, akampokea mtoto wake.